Kioo na Sotet: Usomaji wa Vyombo Viwili vya Kuchachushia

Kioo huaminika upesi kwa sababu kinaonyesha kilichomo. Chupa pana ya zamani, yenye mabega ya mviringo na shingo nyembamba, ikitiwa mvinyo wa nyumbani hutuwezesha kufuata kila povu na kutazama mashapo yakituama. Historia yake yenyewe, hata hivyo, huificha. Mikwaruzo iliyoachwa na brashi za wamiliki waliotangulia haionekani ikilowa, nayo ndiyo inayokusanya mkazo hadi siku ya kupasuka. Kitako kinene na ubavu mwembamba hupata joto kwa kasi tofauti, hivyo maji ya moto yaliyokusudiwa kukisafisha chombo ndiyo yanayoweza kukivunja. Ikiwa ni kioo cha fahari chenye madini ya risasi, asidi ya kinywaji itayang'oa taratibu huku mng'aro ukibaki vilevile. Kwa ufundi wa umbo, kioo ni msimulizi fasaha asiyejitaja.

Sotet, kibuyu ambamo Wakipsigis wa Soin, chini ya miinuko ya chai ya Kericho, Kenya, huandalia mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, ina sarufi iliyo kinyume. Maziwa hayaonekani, ilhali chombo chenyewe kinasomeka. Ndani husuguliwa kwa sosiot, kijiti chenye nyuzi za mkindu, pamoja na makaa ya mti wa senetwet. Usuguaji uleule unaokidhoofisha kioo hapa hujenga tabaka, na tabaka hilo huingia katika rangi na ladha ya maziwa. (Wanaoiita rangi hiyo uchafu hawajasoma.) Kifuniko huvikwa tu, hakikazwi kwa hesi, basi hewa ya ukaa ina pa kutokea, ilhali katika chupa iliyozibwa kabla hamira haijamaliza kazi yake haina. Ufa wa kibuyu huanza kwa kuvuja. Ufa wa kioo hauna dibaji.

Usomaji huu una mpaka wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliikuta asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani, katika mursik yenyewe, kwa viwango vya kutia wasiwasi, katika ukanda ambao Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, imekuwa ikiwatibu wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Kemikali hiyo haina rangi. Uwazi wa kioo usingeionyesha, wala tabaka la makaa haliitaji; hapo mhakiki humwachia nafasi mtu wa maabara.