Mkutubi wa Shule, Tabora

Mwanafunzi wa Tabora akitaka kumjua Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, picha atakayoipata hutegemea kitabu atakachokishika kwanza. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipigana dhidi yake, upande wa Waarabu wa Unyanyembe, na kitabu chake cha 1872 kikamweleza Mirambo kama kiongozi wa waporaji. Mwaka 1876 Stanley na Mirambo wakachanjiana undugu, na kitabu cha 1878 kikamsifu. Mwandishi ni yule yule.

Wa kumwonyesha mtoto jambo hilo ni mkutubi, na mara nyingi ni mwalimu tu aliyekabidhiwa ufunguo wa maktaba juu ya mzigo wa vipindi vyake. Hufuta vumbi, hukagua mchwa, hugundisha kurasa zilizochomoka, huandika 967.8 kwenye mgongo wa kitabu cha historia ya Tanzania, na huwasaka walioazima kabla shule haijafungwa.

Halafu humkalisha mwanafunzi mezani na kumwelekeza. Anza na faharasa, usipekue ovyo. Tazama mwaka wa kuchapishwa. Nani kaandika, na alikuwa upande gani? Mwingine anasemaje? Sasa eleza kwa maneno yako, utaje na ukurasa.

Somo hili halina karatasi yake ya mtihani, wala ufaulu wake hautangazwi. Lakini ujumbe usio na jina wala tarehe unapozagaa kwenye simu, yule anayeuliza "nani kasema?" kabla ya kuusambaza huenda alifundishwa kuuliza hivyo na mkutubi ambaye hakuwahi kuwa na nakala za kutosha darasa zima.