Mtemi na Mbabe

Washairi wengi huyatumia maneno mamlaka, madaraka na nguvu kana kwamba ni pacha, mradi vina vitimie. Hayafanani. Madaraka hukabidhiwa: Kenya iliyapata Juni 1, 1963, ilhali mamlaka ya mwisho yalibaki kwa Mwingereza hadi Desemba 12. Mwaka huohuo Tanganyika iliwavua machifu wake mamlaka kwa sheria.

Huko Kisesa, Magu, makumbusho ya Bujora yana jengo lenye umbo la kiti cha enzi, na ngoma za watemi wa Usukuma. Mamlaka yaliondoka, heshima ikasalia. Mtemi huelezwa kuwa ni mwenye kutema, yaani kufyeka msitu watu wapate makazi, na kukata mashauri yao. Leo mtaani “utemi” ni ubabe. Neno limepotoka kwa kuwa nguvu imevishwa joho la mamlaka.

Mwenye nguvu hutiiwa akiwapo. Mwenye mamlaka hutiiwa hata asipokuwapo. Mshairi anayewachanganya wawili hawa kwa kutafuta kina, amemkalisha mbabe kitini pa mtemi.