SHARTI, KITOSHELEZI NA KICHUKULIO: Uhakiki wa Istilahi za Maandalizi ya Mtihani wa Sheria

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu kuombewa maoni, imo orodha ya istilahi iliyotungwa na vijana wachache wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani, ambao wanajiandaa kwa mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria vya nchi hiyo. Mtihani wenyewe hufanywa kwa Kiingereza. Lakini vijana hawa husoma pamoja, na katika kubishana kwao hutumia Kiswahili. Ndipo walipoona haja ya kuwa na maneno yao wenyewe. Jitihada hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, pongezi si uhakiki, na walichotuomba ni uhakiki.

Kwanza yafaa msomaji aelewe mtihani huu ni wa namna gani. Ulianza kufanywa mwaka 1948, na alama zake siku hizi huhesabiwa kutoka 120 hadi 180. Kila sehemu hupewa dakika 35. Tangu Agosti 2024, sehemu zinazohesabiwa ni tatu: mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu wa habari. Mtahiniwa haulizwi kifungu chochote cha sheria. Hupewa kauli fupi, kisha akaulizwa: hoja hii imesimama juu ya nini? Ni jambo gani lingeidhoofisha? Ni lipi linalofuata bila shaka kutokana na haya yaliyosemwa? Basi maandalizi yake si kukariri, bali ni kuzoea kuona uhusiano baina ya kauli na kauli. Kwa sababu hiyo istilahi zinazotakiwa hapa si majina ya vitu; ni majina ya mahusiano. Istilahi ikiuficha uhusiano badala ya kuuonyesha, haina kazi, hata ikiwa tamu masikioni.

Tuanze na jina la mtihani wenyewe. Watungaji wameuita "usaili wa shule ya sheria". Usaili ni mahojiano ya ana kwa ana, kama yale afanyiwayo mwombaji wa kazi. Huu ni mtihani wa kuandika, na hauna budi kuitwa mtihani. Neno "shule ya sheria" nalo lina hatari. Jina moja la Kiingereza linatumika kwa vyombo viwili tofauti. Marekani, ni chuo ambacho mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote huanza kusomea sheria, kwa kawaida kwa miaka mitatu. Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 humpokea mtu ambaye tayari ana shahada ya sheria, kikampa mafunzo ya kazi. Kiswahili kimekwisha kutenganisha mambo haya, kwani chombo chetu kinaitwa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo. Mfasiri asiyeliangalia jambo hili atawapoteza wasomaji wake tangu ukurasa wa kwanza. Sisi tunapendekeza "mtihani wa kujiunga na chuo cha sheria".

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika neno "dhana". Katika orodha hii neno hilo limetumika mara nne kwa maana nne: wazo la jumla, kama katika "dhana ya haki", kauli inayosubiri kupimwa, jambo ambalo sheria inaamuru lishikwe kuwa kweli mpaka kinyume chake kithibitishwe, na jambo ambalo mtoa hoja hakulisema, lakini bila hilo hoja yake huanguka. Lawama haiwaangukii vijana hawa peke yao. Sisi watunga istilahi ndio tuliolitwisha neno moja mizigo minne, kisha tukashangaa linapokwenda likiyumba.

Maana ya nne ndiyo moyo wa mtihani huu. Tuseme mtu asema: "Juma ana shahada ya sheria, kwa hiyo anafaa kuwa hakimu." Baina ya kauli hizi mbili pana jambo lililonyamaziwa, nalo ni kwamba kila mwenye shahada ya sheria anafaa kuwa hakimu. Mtahiniwa hutakiwa kulivuta jambo hilo kutoka mafichoni. Kwa kuwa tumezoea kusema "tuchukulie kwamba", tunapendekeza jambo hilo liitwe "kichukulio", wingi wake "vichukulio". "Dhana" ibaki kwa wazo la jumla, na "nadharia tete" kwa kauli inayosubiri kupimwa. Ama ile maana ya kisheria, mara nyingi haihitaji istilahi kabisa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(b), inamlinda mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na imeieleza kanuni hiyo kwa maneno ya kawaida ambayo mkulima yeyote anayaelewa. Huo ni mfano wa kuigwa.

Pili, tuangalie "sharti la lazima" na "sharti la kutosha". Istilahi hizi zimefuata Kiingereza hatua kwa hatua, na ndipo zilipopotea. Katika Kiswahili sharti ni jambo lisilokuwa na budi. Kuliongezea "la lazima" ni kumwaga maji baharini. "Sharti la kutosha" ni baya zaidi, kwani masikioni mwa Mswahili "masharti ya kutosha" ni masharti mengi. Mwanafunzi analazimika kurudi kwenye Kiingereza ili aelewe Kiswahili chake, na istilahi ya namna hiyo imeshindwa kazi yake.

Uhusiano wenyewe si mgumu. Mtu akiwa Unguja, yumo Tanzania. Kuwa Unguja kwatosheleza kutuhakikishia kuwa yumo Tanzania. Kuwa Tanzania ni jambo lisiloepukika kwa aliye Unguja. Sasa mtu akisema, "Hayumo Unguja, kwa hiyo hayumo Tanzania," amewasahau watu wote wa Mwanza. Kosa hilo ndilo mtego ambao mtihani huu huutega mara kwa mara. Tunapendekeza maneno mawili yasiyofanana: "sharti", peke yake, kwa lile lisiloepukika, na "kitoshelezi" kwa lile linalotosha. Hapo mwalimu ataweza kusema: "Shahada ya sheria ni sharti la kuwa wakili, lakini si kitoshelezi." Sentensi hiyo imesimama kwa miguu yake, wala haihitaji mkalimani.

Tatu, liko neno "ila". Watungaji wameandika kwamba maana yake ni "lakini". Ni kweli kwamba vijana wengi husema, "Nilisoma sana ila sikufaulu." Hatuwezi kuyazuia mazungumzo ya barazani. Lakini "ila" ya asili hutoa kitu kimoja nje ya hukumu iliyotajwa, na katika lugha ya sheria kazi hiyo ni nzito. Tazama: "Mwombaji hatasikilizwa ila awe na kibali." Ukisoma "lakini", sentensi inavunjika. Ukiisoma sawasawa, umepata sharti: bila kibali hakuna kusikilizwa. Tena, angalia isivyosema. Haisemi kwamba kila mwenye kibali atasikilizwa. Kibali ni sharti, si kitoshelezi. Mwanafunzi aliyezoezwa kuiona tofauti hii katika lugha yake hatababaika atakapokutana nayo katika lugha ya mtihani.

Nne, lipo jambo ambalo orodha imelinyamazia kabisa, nalo ni mahali pa ukanushi. "Wanafunzi wote hawakufaulu." Je, hakuna hata mmoja aliyefaulu, au wapo waliofaulu na wapo walioanguka? Katika matumizi yetu ya kila siku sentensi hiyo husikika kwa maana zote mbili. Anayetaka maana ya kwanza na aseme, "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu." Anayetaka ya pili na aseme, "Si wanafunzi wote waliofaulu." Lugha yetu inazo njia zote mbili, tena nyoofu. Kilichokosekana ni mwalimu wa kuzionyesha.

Yapo mazuri pia. Watungaji wameuita udhaifu wa hoja "ufa", nasi tunaliunga mkono neno hilo bila kusita. Kila Mswahili ajua kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na ufa, kama kosa la hoja, huanza mdogo, usionekane ila kwa jicho la mtu makini. "Kuipa hoja nguvu" na "kuidhoofisha hoja" ni semi za wazi zisizohitaji kubadilishwa. Lakini tunasikitika kwamba kurasa nyingi zimetolewa kwa istilahi za "michezo ya mantiki", yaani yale mafumbo ya kupanga watu na vitu kwa masharti. Sehemu hiyo iliondolewa katika mtihani mwezi huo huo wa Agosti 2024 tulioutaja. Istilahi nzuri ya kitu kilichokwisha kuondolewa haimsaidii mtahiniwa wa leo.

Huenda msomaji akauliza: mtihani wa Marekani unatuhusu nini sisi? Unatuhusu kwa sababu hoja haina uraia. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama zetu za mwanzo kwa miaka mingi, na Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapohitaji. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria imewaangukia watumishi ambao wengi wao walifunzwa sheria kwa Kiingereza. Mfasiri anayechanganya sharti na kitoshelezi hatapunguziwa alama. Atampa raia haki ambayo sheria haikumpa, au atamnyang'anya ile aliyopewa, na raia huyo hatajua kosa lilitokea wapi. Vijana waliotuandikia wanatafuta alama. Sisi tunaotunga na kufasiri tumeshika dhamana ya watu wengine. Ikiwa wao wameona kwamba hawawezi kufikiri sawasawa bila maneno yaliyo sawasawa, hatuna udhuru wa kuliona jambo hili dogo.

Kwa hiyo tunashauri orodha hii irudishwe kwa watungaji wake, isitupwe. Waondoe istilahi za sehemu iliyofutwa, waigawe mizigo ya "dhana", waiache "ila" ifanye kazi yake, na kila istilahi waiandikie sentensi mbili za mfano: moja iliyo sahihi na moja yenye ufa. Ama "kichukulio" na "kitoshelezi", tunayaleta kama mapendekezo, si kama amri. Walimu wayajaribu darasani, na wafasiri wayajaribu katika nyaraka zao. Kisha watuandikie kama yamebeba mzigo au yamekatika njiani.