Sahani Sita Chini ya Mwembe

Likasi ni mji wa shaba na kobalti, na usiku wake una wezi wa nyaya, wa betri na wa kuku. Ndiyo maana kuanzia Kikula hadi Panda mwenye parseli hufuga mbwa, na akiona mmoja hatoshi huongeza wa pili. Kuongeza hakumshindi mtu. Ufundi unaanza pale mbwa wanapofika watano au sita ndani ya ukuta mmoja: jike na dume, mzee na mtoto, mwenye nguvu na mwenye kikohozi. Wapo watu hapa mjini wanaouweza ufundi huo. Hawana cheti wala kibao mlangoni, na majirani huwaona tu kama watu wenye mbwa wengi. Mimi nawaona mafundi, na nataka kueleza kwa nini.

Mwangalie fundi wa namna hiyo jioni, saa ya chakula. Bukari imepikwa kwenye sufuria kuukuu pamoja na samaki wadogo wakavu, imeachwa ipoe, na hakuna kitunguu ndani yake, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Unga wenyewe ameunusa kwanza. Wengi hudhani mahindi yaliyoota ukungu ni chakula cha mbwa kwa kuwa mtu hayataki. Sumu ya ukungu huo hula ini la mbwa kama inavyokula ini la mtu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125. Fundi huyamwaga.

Kisha anatandaza sahani sita chini ya mwembe, kila moja mbali na mwenzake, na kila mbwa anajua yake. Jike mzee hupewa kwanza. Anayekula kwa pupa huwekwa nyuma ya nyumba, asiwaone wenzake wala wasimwone. Baada ya hapo fundi hafanyi lolote. Anasimama tu. Mgeni angedhani anapumzika, kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe: anatazama nani amechelewa kuja, nani anatafuna upande mmoja wa mdomo, nani ameacha nusu, nani jana aliwasogelea wenzake na leo amejitenga. Habari za siku nzima anazisoma katika dakika chache hizo. Mbwa wakila wote kwenye beseni moja, mgonjwa hufichwa na wenye afya, na ukija kugundua kwamba mmoja hajala kwa siku tatu, mbavu zake ndizo zitakazokuambia.

Baada ya chakula ni zamu ya mikono. Anamwita kila mmoja kwa jina, anafunua mdomo na kutazama fizi, anapitisha vidole nyuma ya masikio, kati ya kucha, chini ya mkia. Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, anafanya hivyo kila siku, kwa sababu ndio wakati wa kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia ambayo wafugaji wengi hawaijui: anaweza kuishi maisha yake yote nyumbani. Jike akishiba damu hujiangusha, hupanda ukutani, huingia katika ufa na kutaga mayai maelfu. Ukimwogesha mbwa dawa na kuuacha ufa wa banda, umefanya nusu ya kazi. Ndiyo maana utamkuta fundi akiziba nyufa kwa saruji na kupaka chokaa, naye atakwambia anatibu mbwa. Ni kweli anatibu. Kupe huyo huacha katika damu ya mbwa vijidudu vinavyoleta homa, fizi nyeupe, mkojo mweusi, wakati mwingine damu puani, na mbwa sita wanaolala banda moja huambukizwa mmoja baada ya mwingine.

Kuna pia yule inzi ambaye kila mama wa Katanga anamjua kwa sababu ya nguo, maana huku tunapiga pasi hadi nguo za ndani. Hutaga kwenye mchanga wenye mkojo au kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Mbwa hulala mchangani, kwa hiyo hupata wengi, tumboni na miguuni, majipu madogo yenye tundu katikati. Asiye na subira hukamua papo hapo, funza hukatika ndani na kidonda huoza. Fundi hupaka vazelini kuziba tundu, husubiri funza akose hewa na kujitokeza, ndipo humtoa mzima kwa vidole viwili. Mbwa analala kimya ubavuni muda wote huo. Kulala hivyo hakuamriwi. Kumepatikana kwa miezi ya kuguswa kila jioni na mkono uleule, hata siku zisizo na maumivu.

Jambo ninalolistahi kuliko yote ni namna watu hawa wanavyoitazama tabia mbaya. Jirani anakuja mlangoni: “Papa, ile imbwa imekuwa mubaya, uiuwe tu.” Naye anajibu: “Hapana, mama. Tuangalie kwanza iko na nini.” Jibu hilo lina elimu nzima ndani yake. Mbwa aliyekuwa mpole akaanza kuuma anaposhikwa kichwa, mara nyingi sikio lake limeoza ndani. Mzee anayewarukia watoto wa mbwa wanapomgusa nyonga, nyonga inamuuma. Anayekojoa ovyo huenda ana ugonjwa wa kibofu. Fundi hainui fimbo kabla hajamaliza kutafuta mwilini. Nimeona watu wengi wakifanya kinyume, wakimpiga mbwa kwa sababu ya maumivu yake, na mbwa huyo akajifunza kwamba mkono wa binadamu huongeza maumivu.

Mwili ukiwa mzima na ugomvi ukaendelea, anatafuta chanzo mahali pengine: mlango wa geti ambapo wote hukimbilia kwa pamoja, mfupa uliosahauliwa, jike aliyeingia joto, au yeye mwenyewe aliyembembeleza mmoja mbele ya wengine. Vita vikizuka hatii mkono kati ya midomo miwili. Anamwaga ndoo ya maji, anaingiza mfuniko wa pipa kati yao, anawatenga, na halafu hamwadhibu yeyote. Siku ya pili anabadilisha kilicholeta vita. Geti linafunguliwa mbwa wakiwa wamefungwa. Mifupa haitolewi tena.

Ufundi huu unafanywa pia na watu wenye mishahara na sare, upande wa pili wa nchi yetu. Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa pale Rumangabo, Kivu Kaskazini, kwa msaada wa daktari wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Askari wa hifadhi walifundishwa kuongoza mbwa wa Saint-Hubert, ukoo uliopewa jina la abasia moja ya Ubelgiji, wanaoweza kufuata nyayo za jangili kwa harufu tu. Ni mbwa wa ajabu na ni kazi ngumu kuwatunza. Sikio lao refu hufunika tundu na kutunza unyevu, kwa hiyo husafishwa daima. Kifua chao kirefu huwaweka katika hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota, jambo linaloweza kuua kwa saa chache. Hawapaswi kula kwa haraka wala kukimbizwa baada ya kula. Basi huko nako, mbali na mwembe wa Likasi, kazi ya msituni inategemea mtu anayesimama karibu na sahani na kutazama.

Na mbwa wetu wenyewe? Wale wa kienyeji wa Kongo wasiobweka, ambao wazungu huwaita basenji na wawindaji wetu huwavalisha kengele za mbao shingoni, walipelekwa Uingereza mwaka 1895. Baada ya muda mfupi walikufa kwa distempa. Mbwa hodari wa msitu aliangushwa na maradhi ya mbwa wageni. Kwa hiyo mgeni akiletwa kwenye parseli, fundi humweka peke yake wiki mbili au zaidi, na sahani yake na maji yake, na humhudumia wa mwisho baada ya wenyeji kushiba. Ikiwa kuna watoto wa mbwa, hata viatu vyake hubadilisha, maana kirusi cha parvo hukaa ardhini miezi mingi na huingia kwa unyayo.

Subira hii ina mpaka mmoja, nao ni kichaa cha mbwa. Mbwa akibadilika ghafla, akatokwa na udenda, akashindwa kumeza, akauma bila sababu, fundi hafunui mdomo wala hatafuti sikio. Anawatoa watoto, anafunga geti, anaita wa huduma ya mifugo. Aliyeumwa huoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hupelekwa hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, kwa sababu dalili zikishatokea kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea. Hapo haraka ndiyo ufundi. Chanjo ya mbwa wote sita kila mwaka ndiyo inayompa ruhusa ya kuwa mvumilivu siku nyingine.

Wakati mwingine mambo yote hufanywa na bado majike wawili hawapatani. Mara nyingi ni mama na binti, au ndugu wa tumbo moja waliokua wakafikiana nguvu, na kila mwezi mmoja anashonwa. Fundi wa kweli hukubali. Anamtafutia mmoja nyumba kwa jamaa wa Kambove, nyumba isiyo na jike mwingine, na anampeleka mwenyewe. Anakwenda na sahani yake na gunia alilozoea kulalia, na anamwachia mwenyeji maagizo: asifungwe mnyororo, apewe chakula saa kumi na mbili jioni, aguswe miguu kila siku hata akiwa mzima, na msimu wa mvua ukianza, nyufa za banda zizibwe kabla hajaingia.