Picha ya Safari Rally: Tazama Matairi Kwanza

Ukiletewa picha ya mbio za magari uambiwe uipime, ziba kwa kiganja kila kilicho juu ya madigadi. Ubaki na matairi na ardhi. Kama huko chini hakuna kinachotokea, hiyo ni picha ya gari tu, na gari hata dukani linapigwa picha. Kipimo hiki kinafaa popote, lakini kwa Safari Rally ni lazima. Tangu 1953, yalipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, mashindano haya hayajasifika kwa kasi kama yalivyosifika kwa njia zake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki akiwa na Peugeot 404. Mpiga picha asiyeonyesha barabara inalifanya nini gari ameiacha habari yenyewe nje.

Matairi yanasema mengi kwa anayejua kuyasoma. Kwenye kona, angalia ya mbele yameelekea wapi. Yakiwa yamegeukia ndani ya kona kama ya mtu anayeingia sokoni Naivasha, dereva alikuwa ametulia. Yakiwa yamegeukia nje, upande uleule mkia wa gari unakokimbilia, hapo dereva anapigania gari lake, na picha ina kisa. Halafu tazama mkao: ubavu mmoja umelala, tairi la ndani limekuwa jepesi au limenyanyuka kabisa, mawe yanaruka nyuma ya tairi lililobeba uzito. Picha yenye mambo hayo matatu nitaipenda hata kama bampa limekatwa na ukingo.

Watu wengi huhusudu picha za gari likiwa hewani. Mimi si mmoja wao. Gari hewani matairi yote yananing'inia, springi hazina kazi, na mara nyingi kinachosifiwa ni kimo cha kivuli chini yake. Subiri lichape chini. Hapo springi zimekandamizwa mpaka mwisho, tairi limezama ndani ya madigadi, sahani ya chuma inayokinga injini inakwangua udongo, na ukiwa na bahati utawaona dereva na mwelekezi wake vichwa vimeinama pamoja. Hiyo ndiyo nukta ambayo Safari hulivunja gari.

Sasa kuhusu mwendo. Kamera za leo, hata simu, husimamisha chochote. Ukiweka shata kwenye 1/2000 ya sekunde, gari linalokimbia kilomita 150 kwa saa litatokea limeganda, rimu zikihesabika, kana kwamba limeegeshwa juu ya vumbi. Si kosa, ila mpiga picha aliyechagua kugandisha rimu anadaiwa kitu kingine kinachosogea: kokoto hewani, maji yaliyopasuka, nyasi zilizolazwa na upepo wa gari. Kama hakuna hata kimoja, alama zinapungua.

Njia ya pili ni kulifuata gari: unasimama imara, unazungusha kiuno pamoja nalo, unabonyeza huku mwili ukiendelea kuzunguka, shata ikiwa 1/125 au polepole zaidi. Ikifaulu, gari linakuwa kali na majani nyuma yanakuwa mistari. Hapa jaribio ni moja. Tafuta jina la dereva lililobandikwa kwenye kioo cha pembeni nyuma. Likisomeka, mpigaji alilishika. Wapo wanaoshuka hadi 1/30 ili kuonyesha umahiri, na kwenye lami ya uwanjani huwa wanafaulu. Kwenye barabara za Naivasha, zinakopitia mbio za Safari siku hizi, gari haliendi mbele tu, linarukaruka juu na chini pia, na kiuno cha binadamu hakiwezi kufuata vyote viwili. Picha ya 1/30 iliyo kali kutoka mkondo wa Kedong, kwenye sehemu mbovu, ni bahati, na bahati siihesabu kuwa ufundi.

Vumbi ndilo lililo gumu kuliko yote. Mwaka 2021 Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, ilihamishia kambi yake Naivasha, kwenye udongo wa volkano wa Bonde la Ufa. Kuna mahali, Kedong hasa, ambapo vumbi ni laini kama poda, na wenye mchezo huliita feshifeshi. Gari likizama humo halirushi wingu nyuma tu. Linasukuma wimbi mbele ya bampa, vumbi linapanda juu ya boneti, na dereva anapotea. Picha bora ya feshifeshi huonyesha wimbi hilo la mbele. Wingu la nyuma kila mtu analo.

Jua likitoka nyuma ya mpiga picha, vumbi huwa ukuta bapa. Likitoka ubavuni, au nyuma ya gari kidogo, vumbi linapata tabaka, kingo zinang'aa, na unaweza kuona ni tairi lipi lililolitimua. Naivasha iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwanga huo haudumu. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ni mali. Kufikia saa tano jua liko utosini, kivuli kinalala chini ya gari na kuyameza matairi, na anayepiga kwa lenzi ndefu kutoka mbali anapata mtetemo wa joto la ardhi unaolainisha kila ukingo. Ukiona picha ya adhuhuri iliyotetemeka hivyo, usiulaumu mkono wa mpigaji, laumu saa aliyochagua. Rangi ya vumbi nayo ni ushahidi. Udongo mweupe huidanganya kamera ikafanya picha giza, vumbi likatoka la kijivu. Fundi huongeza mwanga kidogo kwa makusudi.

Wanyama na migunga nitavipita haraka. Pundamilia mbele ya gari ni picha iliyokwisha kupigwa. Ikiwa lazima mnyama awepo, nauliza kama ametulia au anakimbia, na kama anakimbia, ni nini kilichomkurupusha. Mandhari yanayotaja mahali yanafaa zaidi: magenge ya Hell's Gate, au kile kilima cha karibu na Elmenteita kinachofanana na shujaa aliyelala. Mtu wa Gilgil, mji wa jirani, akitazama picha aseme hapo anapajua.

Kitu ambacho shabiki anampita mpiga picha mwenye kibali ni watu. Mwenye kibali ametumwa alete gari. Shabiki amekaa na mama aliyefunika sufuria ya chai vumbi lisiingie, na vijana waliokesha Naivasha ambao gari la kwanza limewapita wamelala. Katika picha za mashabiki, angalia macho. Wakitazama kamera, picha ilipangwa. Wakitazama upande gari linakotokea, nusu wameshasimama, mmoja akiwa bado ameelekeza kidole kwenye helikopta iliyotangulia, hapo gari hata halihitajiki ndani ya fremu.

Lakini uliza pia mpigaji alikuwa wapi. Zipo picha za miaka ya 1980 huko Ulaya zinazoonyesha watazamaji wakigawanyika katikati ya barabara huku gari likija, na bado zinasambazwa kwa sifa. Mwaka 1986 nchini Ureno gari liliacha njia likawaparamia watu wa namna hiyo, na watazamaji wakafa. Picha iliyopigwa kutoka nje ya kona, chini ya usawa wa barabara, au ndani ya utepe, naitoa kwenye mashindano ya picha bila kuijadili. Pahali pa kukaa ni ndani ya kona, juu ya kilima, na njia ya kukimbilia iwe nyuma yako. Isitoshe, ukiwa juu unaiona barabara yote, na barabara ndiyo tunayoitafuta.

Picha za zamani zina vipimo vyake. Joginder Singh na Volvo yake ya 1965, Shekhar Mehta na Datsun zilizompa ushindi mara tano, Ian Duncan na Toyota Celica ya 1994: hao walipigwa kwa filamu, aghalabu ya picha 36, na mpigaji hakuwa na picha za kupoteza gari likipita. Usidai ukali wa leo. Dai uamuzi, yaani ule muda mmoja aliouchagua.

Mwisho, geuza picha usome maelezo yake. "Toyota, Safari Rally" hayasaidii kitu, kwa kuwa Toyota ilishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Nataka dereva na mwelekezi, jina la mkondo, yaani kipande cha barabara kinachopimwa muda, mwaka, na kama ni mzunguko wa kwanza au wa pili. Mikondo mingi hupitwa mara mbili, asubuhi na alasiri, na mara ya pili mifereji imechimbika, mawe yamefukuliwa, pengine mvua imenyesha. Mwaka nao unabadilisha kila kitu: kuanzia 2021 hadi 2023 mashindano yalikuwa Juni, mwaka 2024 yakarudi Machi, wakati wa Pasaka, msimu wa mvua kama enzi za zamani. Tope la Machi na vumbi la Juni havipimwi kwa kigezo kimoja, na bila tarehe sitajua nikusifu kwa lipi.