Chuku ya Mpenzi katika Michoro ya Haeckel

Mshairi akisema kwamba shingo ya muhibu wake ni ya dhahabu, hakuna amdaiye ushahidi. Hiyo ni chuku, nasi walimu twaifundisha kuwa ni pambo halali. Je, mtaalamu wa viumbe aliyetekwa na huba anayo ruhusa hiyohiyo?

Swali hili hutujia tufunguapo Kunstformen der Natur, kitabu cha Mjerumani Ernst Haeckel chenye mabamba 100, yaliyotolewa kati ya 1899 na 1904. Asili yake ni Messina, Sicilia, alikokaa mwaka 1859 na 1860 huku mchumba wake, Anna Sethe, akiwa kwao Ujerumani. Huko alichota maji ya bahari, akayatazama kwa hadubini, akaona radiolaria. Ni viumbe wa chembe moja, na wengi wao hawafikii hata milimita moja. Lakini viunzi vyao vya silika vimetobolewa tobolewa kana kwamba fundi wa nakshi alikesha juu yake. Barua zake kwa Anna zilichanganya habari zao na mapenzi. Mwaka 1862 alitoa kitabu juu yao, na mwaka huohuo akamwoa.

Tarehe 16 Februari 1864, siku Haeckel alipotimiza miaka 30, Anna alifariki. Mjane huyo alikwenda Villefranche, karibu na Nice, akaona yavuyavu ambaye minyiri yake ilimkumbusha nywele za marehemu. Alimwita Mitrocoma annae. Miaka mingi baadaye, katika bamba la 8, alimchora yavuyavu mwingine, Desmonema annasethe.

Kwa maoni yangu, katika majina hayo Haeckel ni mkweli kabisa: anakiri waziwazi kuwa ni mpenzi anayesema. Kasoro imo katika mstari wa kalamu. Huko amenyoosha kilichopinda na kusawazisha kisicholingana, bila kumwarifu mtazamaji. Na tabia hiyo haikuwa ngeni kwake, kwani mwaka 1868 alichapisha picha ileile moja mara tatu, akidai kuwa ni viinitete vya mbwa, kuku na kobe. Hapo hatuna chuku tena, ni udanganyifu. Chuku hujulikana na wote wawili, msemaji na msikilizaji.

La kusikitisha ni kwamba radiolaria, waliomvuta kwanza, ndio waliohitaji pambo hilo kidogo kuliko wote.