Mtoro Asiyekwenda Popote

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hata Ujiji, hapakuwa na jambo lililomchukiza mkuu wa msafara kama utoro. Mpagazi alilala kambini jioni, na alfajiri mahali pake palikuwa patupu. Hapa kwetu Kwihara, mwaka 1872, Livingstone alikaa kwa miezi akingoja wapagazi kutoka pwani, kwani bila mabega ya watu safari haikuwapo. Ndiyo maana wasafiri wakamwandika mtoro vibaya katika vitabu vyao. Ni nadra kuona mmoja wao akiuliza mtu huyo alikuwa akimkimbilia nani nyumbani.

Nalikumbuka neno hilo nisomapo riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Desertion, iliyotoka mwaka 2005. Jina lake laweza kufasiriwa utoro, au kutelekeza. Watoro wamo. Martin Pearce, Mwingereza aliyeokotwa akiwa hoi katika mji mdogo wa pwani ya Kenya ya leo, anampenda Rehana, kisha anarudi kwao na kumwacha. Miaka mingi baadaye Rashid anatoka Zanzibar kwenda kusoma Uingereza, na Mapinduzi ya Januari 1964 yanamkuta huko. Lakini anishughulishaye mimi ni Amin, kaka yake Rashid, ambaye hakwenda popote.

Amin anasomea ualimu. Anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, mwanamke aliyekwisha kuachika na ambaye nasaba yake inasemwa mjini. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wazazi wake, walimu wote wawili, wanapojua wanamtaka aahidi kutomwona tena. Anaahidi, na ahadi anaitimiza. Tangu hapo maisha yake yote yanazunguka shimo hilo moja. Anafanya kazi, anawatunza wazee, anaandika madaftari ambayo hatimaye yanamfikia ndugu yake ng'ambo. Na ndani ya kila jambo yumo Jamila.

Yupo atakayemwita Amin shahidi wa mapenzi. Mimi sisadiki hivyo. Yeye naye ni mtoro. Aliutua mzigo aliokubali kuubeba, akamwacha mwenzake njiani peke yake, na tofauti yake na mpagazi ni kwamba alilala palepale kambini. Sifa ya mtoto mwema aliipata yeye. Bei alitozwa Jamila pia, na hakuna aliyemwuliza. Kwa hiyo ile hamu ya miaka mingi naiona kuwa ni deni lisilolipika zaidi ya kuwa ni penzi linaloendelea. Mtu hudumu kumkumbuka aliyemdhulumu.

Hapo pia ndipo naona upungufu wa kitabu. Jamila tunamwona zaidi kwa macho ya Amin, na macho hayo yamejaa majuto hata sura yake inafifia. Labda mwandishi alikusudia: anayetamaniwa mno kwa muda mrefu hugeuka kuwa kumbukumbu ya mtu mwingine, asiwe tena mtu.

Sisi walimu tumezoea kuandika "mtiifu" katika ripoti ya mwanafunzi, kana kwamba neno hilo linatosha. Baada ya kumsoma Amin, yafaa tuulize: alimtii nani, na aliyeachwa ni nani?